Chengwimbe Aliyeitwa Wellington

Msomaji mpenzi, habari hii ilianza barazani kwangu Mishomoroni, jioni moja baada ya sala ya alasiri, mjukuu wangu aliponijia na daftari lake la shule. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi ya kuchora mti wa ukoo: mtoto chini, juu yake baba na mama, kisha babu na bibi, na kuendelea hivyo mpaka pale wazee wa nyumbani watakapoishiwa na majina. Mtoto akashika penseli, nami nikaanza kumtajia kama nilivyotajiwa na marehemu baba yangu. Baba wa babu yako ni Ali. Baba wa Ali ni Khamisi. Baba wa Khamisi ni Mabruki. Akaandika, akachora mstari kwenda juu, kisha akaniuliza baba yake Mabruki aliitwa nani. Nikanyamaza. Nikajifanya ninatafuta viatu vyangu.

Watu wa pwani tunajua maana ya jina hilo, ingawa hatupendi kulizungumza mbele ya watoto. Mabruki ni mbarikiwa, na Feruzi na Almasi ni vito vya thamani. Ni majina mazuri kuyasikia, lakini katika miji yetu, Mombasa, Malindi, Lamu, hata Unguja, majina hayo aghalabu walipewa watu walionunuliwa. Bwana alimpa mtumwa wake jina la heri kama anavyokipa chombo chake jina la heri, kisha jina alilokuja nalo mtu yule kutoka kwao likasahauliwa. Wenzetu wenye nasaba ndefu husimama na kuhesabu, fulani bin fulani bin fulani, mpaka wakafika Oman au Hadhramaut au Barawa. Sisi wengine tunahesabu watu watatu, wanne, kisha kamba inakatika.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikamkumbuka mtu mmoja ambaye kamba yake ilikatwa vivyo hivyo, ila ncha zote mbili zikabaki zinaonekana. Aliishi jirani na hapa petu, upande huu huu wa Kisauni. Ukipanda matatu hapa Mishomoroni ukashika njia ya Bakarani hadi Kengeleni, utaiona kengele ile iliyopapa mahali pale jina lake, na nyuma yake mtaa wa Freretown wenye kanisa la Emmanuel. Mtu mwenyewe ni Matthew Wellington, aliyefariki mwaka wa 1935. Wazungu walimjua kwa ajili ya safari moja aliyoifanya. Mimi leo nataka kumweleza kwa ajili ya jina lake.

Jina lake la kwanza, alilopewa kwao, lilikuwa Chengwimbe. Alikuwa Myao, wa nchi zile za upande wa Ziwa Nyasa, na alizaliwa kiasi cha mwaka wa 1847. Miaka ile Wayao wenyewe walikuwa wakubwa wa biashara ya pembe na watu, wakishuka pwani kwa misafara, na njia yao kubwa ilitokea Kilwa. Lakini muuzaji naye huuzwa. Vita vikitokea, njaa ikiingia, au deni likishindikana kulipwa, mtoto wa Myao alitiwa minyororo kama mtoto wa mtu mwingine yeyote. Chengwimbe alichukuliwa akiwa kijana, akafikishwa pwani, akatiwa katika jahazi la kwenda Arabuni. Katika bahari jahazi lile likakamatwa na manowari ya Waingereza waliokuwa wakizuia biashara hiyo, na watu waliokuwamo wakatolewa. Hawakurudishwa kwao, kwani kumrudisha mtoto bara kupitia njia zile zile alizoletwa kulikuwa ni kumuuza mara ya pili. Chengwimbe akapelekwa Bombay, mji ambao siku hizi unaitwa Mumbai.

Kutoka Bombay, kiasi cha kilomita 160 na kitu kuelekea bara, uko mji wa Nasik juu ya mto Godavari. Hapo Wamisionari wa C.M.S. walikuwa na kijiji na shule ambayo mkuu wake alikuwa padri William Salter Price, na mahali pale wakapaita Sharanpur. Kwa lugha za Kihindi neno hilo ni mji wa hifadhi. Watoto wa Kiafrika waliookolewa baharini waliletwa hapo wakafundishwa kusoma, wakafundishwa useremala na uhunzi, wakakua wanasema Kiingereza na Kihindi pamoja na lugha walizotoka nazo. Na hapo wakabatizwa.

Msomaji, hapa ndipo pana shauku yangu. Mtoto akibatizwa aliandikwa daftarini, na daftari la Kizungu lataka majina mawili. Jina la kwanza halikuwa taabu, Biblia imejaa majina. Taabu ilikuwa jina la pili, kwa sababu hilo kwa Wazungu ni la ukoo, na watoto hawa baba zao hawakuwapo kuulizwa. Basi likatafutwa popote. Katika shule za misheni za zama zile ilikuwa desturi pia kwamba mtu wa Ulaya akitoa fedha za kumtunza mtoto, huweza kumchagulia jina, pengine jina lake mwenyewe au la marehemu wake. Ukisoma orodha ya vijana wa Nasik utadhani unasoma orodha ya abiria wa meli ya Southampton. Wako William Jones na Ishmael Semler, waliorudi Mombasa mwaka wa 1864 na baadaye wakawa makasisi. Yuko James Deimler, na Deimler alikuwa mmisionari Mjerumani aliyepita Mombasa kabla ya kwenda kukaa Bombay. Yuko George David, ambaye jina lake la ukoo ni la nabii Daudi. Wako Rutton wawili, Richard na Benjamin, ambao jina lao la pili lina sauti ya Kihindi kuliko ya Kizungu. Wako Jacob na John Wainwright, na Wainwright kwa Kiingereza cha kale ni fundi wa kuunda magari ya kukokotwa na wanyama. Yakobo Fundimagari! Na Chengwimbe akawa Matthew Wellington.

Wellington ni jina la jemadari wa Kiingereza aliyemshinda Napoleon kule Waterloo mwaka wa 1815. Kabla ya hapo, akiwa kijana na jina jingine, jemadari huyo alipigana India, na mwaka wa 1803 alishinda vita vikubwa mahali paitwapo Assaye, katika nyanda zile zile za Deccan ambamo Nasik imo. Hata huyo Duke, basi, Wellington halikuwa jina alilozaliwa nalo. Alizaliwa akiwa wa ukoo wa Wesley, nduguye akaligeuza jina la ukoo likawa Wellesley, na lile la Wellington akapewa na serikali pamoja na cheo. Tofauti yake na Chengwimbe ni kwamba yeye hakupoteza la kwanza ili apate la pili.

Nisije nikaonekana ninawalaumu watu wa kanisa peke yao. Majina ya ukoo kila mahali yametengenezwa na mtu mwenye kalamu. Hata Ulaya wakulima wengi waliishi karne na karne kwa jina moja tu, mpaka padri wa parokia alipotakiwa kuandika daftari la ubatizo na ndoa na vifo, na asingeweza kuandika Yohana kumi bila kuwatenganisha. Katika nchi ya Lithuania, mtoto wa Jonas akaandikwa Jonaitis, yaani mwana wa Yohana, na mapadri wengine wakayaandika majina hayo kwa namna ya Kipolandi kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ya wakubwa. Huko Wales mwana wa Yohana akawa Jones. Kwa hiyo William Jones wetu wa Rabai, Myao kama Chengwimbe, alikuwa akiitwa bin Yohana maisha yake yote, bila Yohana yeyote kumzaa.

Jones huyo alipata sifa zake mwenyewe. Askofu Hannington alipouawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885, ni yeye aliyeurudisha msafara uliobaki mpaka Rabai. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Mwaka wa 1872 Chama cha Jiografia cha London kilituma watu kumtafuta daktari David Livingstone, ambaye alikuwa amepotea bara, na vijana sita wa Nasik wakaletwa Unguja kujiunga na msafara huo: wale Wainwright wawili, wale Rutton wawili, Carus Farrar na Matthew Wellington. Walipokuwa wanajitayarisha, mwezi wa Mei, Stanley akatokea Bagamoyo na habari kwamba amekwisha mwona. Msafara ukavunjika. Stanley akakusanya watu 57, vijana wa Nasik wakiwamo, akawapeleka kwa Livingstone aliyekuwa akingoja Unyanyembe, karibu na Tabora. Wakafika mwezi wa Agosti, na kabla mwezi haujaisha wakaondoka naye kuelekea kusini.

Safari ile ilikuwa ya matope. Mvua za upande wa ziwa Bangweulu hazikuacha, na mzee alikuwa anaumwa mpaka ikawa hawezi kutembea, wakawa wakimchukua kwa machela. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kimo katika Zambia, wakamkuta amekufa naye amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Fikiri, msomaji. Watu wale wangeweza kumzika hapo hapo wakarudi zao na hakuna ambaye angewalaumu. Wakaamua vingine. Wakapasua maiti, moyo na matumbo wakayazika chini ya mti mkubwa, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko kisha akachonga maandishi katika mti. Mwili wakautia chumvi na kuuanika juani siku 14. Wakauvika marikani, wakauingiza ndani ya gome la mti, wakaushonea turubai na kuipaka lami. Wakautia mtini, watu wawili wawili wakibadilishana mabega, wakauelekeza baharini. Wakubwa wa msafara walikuwa Susi na Chuma, waliokuwa na daktari kwa miaka mingi. Wellington alikuwa mmoja wa wale waliobeba.

Katika hao wazee wa Livingstone alikuwamo kijana mwingine wa Nasik aliyeandikwa Nathaniel Cumba, na wenziwe hawakumwita hivyo. Walimwita Mabruki. Nilipoliona jina hilo katika habari hizi moyo ulinigonga, nakiri, ingawa najua fika kwamba si huyu wa kwetu. Wakina Mabruki walikuwa wengi kama kokoto, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Unyanyembe, mwezi wa Oktoba, wakakutana na luteni Cameron, aliyekuja kwa msaada uliokwisha kuchelewa. Akawashauri wazike. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji wakawazuilia njia, maana hawakutaka maiti ipite nchini mwao. Hapo wakatumia akili. Wakafunga mabua kwa sura ya maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo Unyanyembe kama wanaokwenda kuzika, na kumbe njiani wakaitupa. Mwili wenyewe wakaukunja na kuufunga upya kama mtumba wa nguo. Wakapita. Mwezi wa Februari 1874 wakaingia Bagamoyo, baada ya miezi tisa, na baadhi ya wenzao wamekwisha kufa njiani.

Pwani mzigo ukapokewa na Waingereza, wachukuzi wakalipwa mishahara yao, wakaambiwa kwaherini. Mwili ukavushwa Unguja, ukaenda London, ukatambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba zamani, ukazikwa katika kanisa kuu la Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Mwafrika mmoja tu wa msafara ule alikuwako siku hiyo, naye ni Jacob Wainwright. Jiwe la kaburi lataja kwamba mwili uliletwa na mikono mwaminifu. Majina ya wenye mikono hayamo. Baadaye Chama cha Jiografia kiliwatengenezea nishani, lakini wengi wa watu wale walikuwa wamekwisha kutawanyika. Wellington aliipata yake, na katika uzee wake alipigwa picha ameivaa kifuani.

Aliporudi pwani hakuwa na kwao pa kurudi. Umyaoni hakupajua tena, na India hakuwa Mhindi. Bahati yake ni kwamba wakati huo huo kulikuwa kunajengwa mahali pa watu wasio na kwao. Mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja kumlazimisha Seyyid Barghash afunge biashara ya watumwa ya baharini, na mkataba ukatiwa sahihi mwezi wa Juni. Kisha C.M.S. wakamwita padri Price yule yule wa Nasik, wakamtuma Mombasa, wakanunua ardhi ya Kisauni ng'ambo ya mji, wakaipa jina la Frere. Vijana wa Nasik wakaja kuwa waalimu, mafundi na wasimamizi. Mwezi wa Septemba 1875 manowari zikateremsha watu yapata 300 waliotolewa majahazini, wake kwa waume na watoto, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Wellington akawa mmoja wa wenyeji wa Freretown, na Mombasa ikawa nyumbani kwake kwa miaka yote iliyobaki.

Sisi Waislamu wa Mombasa hatuna budi kusema kweli kuhusu miaka ile. Wazee wetu waliokuwa na mashamba hawakuipenda Freretown hata kidogo, maana watumwa wao walikuwa wakitoroka kwenda kujificha huko na Rabai. Mwaka wa 1880 palikaribia kuwa na mapigano. Na ndani ya Freretown nako hapakuwa peponi. Msimamizi mmoja wa Kizungu, Streeter, aliwapiga watu viboko na kuwafunga mpaka habari zikafika kwa balozi wa Unguja, na mwaka wa 1881 ukafanywa uchunguzi. Kule Rabai mwisho wake ulikuwa fedha. Kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana fidia ya watoro yapata 1,400, na siku ya kwanza ya mwaka wa 1889 wakatangazwa huru. Babu yangu mkuu Mabruki hakuwa miongoni mwao. Yeye alikuwa shambani kwa bwana wake mpaka sheria ya 1907 ilipouondoa utumwa katika pwani hii.

Freretown majina yalikutana kama maji ya mto na bahari. Wengine walibaki na la Kizungu, likaenda kwa watoto na wajukuu. Wengine walifanya kinyume, wakalishika jina la mzee aliyeteremshwa kutoka manowarini, la huko huko bara, likawa la ukoo. Mfano ulio wazi ni Mbotela. Mzee Mbotela alikuwa mtumwa aliyeokolewa. Mwanawe, James Juma Mbotela, akaandika kwa Kiswahili kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka wa 1934, mwaka mmoja kabla ya Wellington kufa. Na wa ukoo huo ndiye marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyezaliwa Freretown na kufariki mwaka wa 2025, ambaye sauti yake iliingia kila nyumba ya Kenya yenye redio. Tazama jina James Juma Mbotela: la kwanza la kanisa, la pili la Waswahili, la tatu la bara. Mtu mmoja amebeba njia nzima.

Wellington hakulisahau jina lake. Angelisahau, mimi na wewe tusingelijua leo. Katika uzee wake, alipokuwa amebaki peke yake katika wale waliombeba Livingstone, W. J. Rampley aliandika kijitabu cha maisha yake, na ndani yake jina la Chengwimbe limo. Miaka zaidi ya 60 akiitwa Matthew, akilipwa kwa jina la Wellington, na nishani ya Wellington kifuani, mzee alipoulizwa alianza na Chengwimbe.

Chuoni, nilipokuwa mdogo, maalimu wetu alitusimulia habari za Zaid. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akafika nyumbani kwa Mtume akaachwa huru, na watu wakawa wakimwita Zaid bin Muhammad. Kisha ikateremka amri kwamba watu waitwe kwa baba zao waliowazaa, akarudi kuwa Zaid bin Haritha. Maalimu alituambia pia kwamba wale ambao baba zao hawajulikani ni ndugu zetu katika dini. Wakati ule niliona jambo hilo la pili ni dogo. Nilikuja kuliona kubwa nilipokuwa mtu mzima, karani mmoja wa ofisi fulani aliponiuliza jina la ukoo, nikampa Mabruki, akacheka chini chini akamtazama mwenziwe.

Jumamosi nilimchukua mjukuu wangu tukapanda matatu hadi Kengeleni. Nikamwonyesha kengele, nikamweleza kwamba ilikuwa ya kuwaita na kuwatahadharisha watu. Akataka kujua kama ingali inalia. Nikamwambia habari za Chengwimbe tangu mwanzo hadi mwisho, naye kilichompendeza zaidi ni maiti ya mabua, akacheka sana. Njiani kurudi, tumebanwa katika kiti, akaniuliza tena lile swali la baba yake Mabruki, na safari hii nilimjibu. Nilimwambia kwamba Mabruki alinunuliwa, na kwamba jina hilo alipewa na aliyemnunua. Kondakta alinigeukia, akanitazama kidogo, akaendelea kudai nauli.

Nyumbani mtoto akafungua daftari. Marehemu baba yangu aliwahi kuniambia kitu kimoja tu zaidi: kwamba katika ngoma wanawake wa shamba walikuwa wakimtania Mabruki kwa kumwita Mnyasa. Mtoto akachora kisanduku juu ya Mabruki, akaniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike Nyasa, kwa penseli.